Bomba la Kioo Lililomjua Kemboi

Nikianza habari za Jelagat, watu wa hapa kwetu hunikatiza. "Nanyama, ni ile ya chupa iliyokohoa tena?" Ndiyo, ni ile ile. Halafu si chupa, lilikuwa bomba, refu kunishinda mimi, na asiyetaka kusikia mlango huo hapo, sijaufunga. Mimi nilikuwepo. Nilifanya kazi na huyo mama ndani ya ghala moja, tukala ugali sahani moja, na nikinyamaza atasimuliwa na watu ambao hawakumjua hata sura.

Jelagat alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye pengo la meno ya chini yaliyong'olewa utotoni kama ilivyokuwa desturi kwao. Maneno hakuwa nayo mengi. Ukimtania alikutazama kwanza, ahakikishe umemaliza, ndipo acheke. Babake, Kemboi, alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vya Mjapani akapelekwa Bama, Jelagat akiwa bado mtoto wa kushika pindo la nguo ya mamake. Hakurudi. Wenzake walirudi Rongai na makoti mazito na hadithi, wakaulizwa, kila mmoja akatoa lake. Huyu alimwona akipanda meli, yule alimwona hospitalini amefungwa kichwa. Hakuna aliyesema ameona kaburi lake.

Kwa hiyo nyumba yao haikuomboleza, ilingoja. Mamake Jelagat aliendelea kutunza kibuyu cha maziwa cha mumewe, akikisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, akijaza maziwa, akigawia watu yakishaganda, akijaza tena. Kibuyu kama kile hakijui sabuni. Ile nguvu ya kugandisha hukaa ukutani mwake, maziwa yanakuja na kwenda, yenyewe inabaki. Mama yule alikufa bado anakijaza. Jelagat alipoolewa huko Kaptembwa hakukibeba, alisema hawezi kuishi na kitu kinachomngoja mtu.

Sasa ghala. Ukitoka Nakuru kwa njia ya Njoro lilikuwa upande wa kushoto, la mbao na mabati, na zamani mzungu mmoja alikaushia maua ya pareto humo. Mzungu alienda zake Uhuru ulipokuja, lakini vumbi la pareto halikwenda naye. Lilikuwa limeingia kwenye mbao, kwenye nyufa, juu ya boriti. Mgeni akiingia alipiga chafya mpaka machozi, na sisi tuliozoea tulikuwa bado tunapiga zetu kila asubuhi tukifungua milango. Liweke hilo akilini, maana nitalirudia.

Aliyelichukua baada ya mzungu alikuwa Bwana Ishwarlal, mtoto wa mzee Kanji aliyekuwa na duka la vyuma mjini. Alikuwa amesoma mambo ya kemia Uingereza, akarudi na miwani mizito na wazo moja kichwani. Jamaa zake walisema amerukwa na akili, mtu anaachaje duka zuri namna ile aje kupika majani makavu? Mimi nilisema hivyo hivyo, ila mimi nilisema nikiwa nimeajiriwa naye. Kila mavuno ya ngano yakiisha, kutoka Njoro mpaka Rongai, wakulima walikuwa wanachoma mabua, moshi mpaka mlima wa Menengai usionekane. Yeye akasema ndani ya kila bua kuna sukari imefungiwa, na anamjua mwizi wa kufungua huo mlango.

Kazi ilikwenda hivi. Mimi nilikata mabua kwa mashine. Tuliyachemsha kwa maji ya magadi ndani ya mapipa mpaka yalegee, tukayaosha, tukayaloweka na ukungu fulani wa kijani aliokuwa akiukuza kwenye masufuria. Supu yake ikachujwa, ikapandishwa juu ya bomba la kioo. Ndani ya bomba kulikuwa na punje za kioo, nyeupe, ndogo kama mtama, zimejaa mpaka shingoni. Juu iliingia supu chungu yenye ladha ya nyasi. Chini ilidondoka tamu. Tuliichemsha ikawa nzito kama asali mbaya, na wenye ng'ombe walikuja na madebe kuchanganya kwenye chakula cha mifugo.

Leo watoto wa shule wana neno lake, kimeng'enya. Sisi hatukuwa na neno. Jelagat ndiye aliyepewa bomba kulitunza, na siku ya kwanza alimuuliza Bwana Ishwarlal kuna nini mle ndani. Yule bwana alifurahi sana kuulizwa.

"Wafanyakazi yangu," akasema, na Kiswahili chake kile. "Dogo sana, macho hapana ona. Zamani mtu naweka ndani ya maji, nafanya kazi, halafu maji naenda, na yeye naenda. Hasara. Mimi nafunga yeye kwa kioo. Supu napita, yeye nabaki. Kesho kazi tena. Mwaka kesho, kazi tena."

"Wanashiba lini?" Jelagat akauliza.

"Hapana shiba. Hapana choka, hapana lala."

"Na hawawezi kutoka."

"Natoka wapi? Mimi nafunga yeye."

Nilitegemea Jelagat atamtazama halafu acheke. Alimtazama, basi, hakucheka. Mimi nikarudi kwenye mashine yangu.

Yule bwana angeishia hapo ingekuwa heri, lakini mtu aliyesoma ukimpa sikio hakurudishii. Akaendelea kutuambia ukungu ule, aliowatoa kwake hao wafanyakazi wa bomba, ulijulikana wapi. Akasema ni wakati wa vita vya Mjapani, huko visiwa vya mbali vya mvua, mahema ya askari yalikuwa yanaoza na kumomonyoka hata kabla ya kuchakaa. Wataalamu wakachukua kipande cha hema wakatazama, wakamkuta huyu ukungu akila pamba, na mbegu yake ikagawiwa watu wa elimu duniani mpaka ikamfikia yeye.

Jelagat alikuwa amesimama na mkono juu ya bomba. "Na watu waliolala ndani ya hayo mahema?"

"Mama, hii hapana kula watu! Nakula majani, pamba, miti tu."

"Lakini walilala humo."

"Nalala, ndiyo," akasema Bwana Ishwarlal, akaenda zake kutazama masufuria.

Tangu siku ile Jelagat alilitunza bomba kwa namna nyingine. Lilizungushiwa maji ya moto kidogo nje, ili lisipoe, kwa hiyo ukiligusa lilikuwa na joto la mwili, joto la mtu mwenye homa ndogo. Asubuhi za Julai, Nakuru ikiwa baridi ya kukata masikio, yeye aliliegemea mgongo. Nilimwambia, kwa jina la bintiye wa kwanza, "Mama Chebet, utazoea kuegemea waume za watu." Akacheka hapo. Akasema lina joto kama babake alivyokuwa akimbeba.

Mwaka huo huo alijifungua mtoto wa kiume, na taabu ikaanzia hapo.

Kwao mtoto akizaliwa, wanawake wazee wa ukoo hukaa naye na kuyaita majina ya wafu wa nyumba ile, moja baada ya jingine, polepole. Jina litakaloitwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye amekuja, amekubali kukaa na mtoto, na mtoto ana mtu wake. Mama mkwe wa Jelagat, bibi mmoja mkali aliyeitwa Jepkorir, ndiye aliyeita. Aliita upande wa baba mpaka wafu wakaisha. Akaita upande wa mama. Wakamtia ugoro puani. Mtoto akawatazama tu, macho makubwa, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani ukibishwa.

Akabaki hana jina. Wakawa wanamwita Mgeni. Na Mgeni hakunenepa. Alinyonya akatapika, akalala macho nusu wazi, miguu ikawa myembamba mpaka huruma. Jelagat alimpeleka hospitalini, wakampima, wakasema hawaoni ugonjwa. Jelagat alipomaliza arobaini yake alirudi kazini naye mgongoni, na hapo ndipo nililoliona likanitisha. Vumbi lile la pareto. Sisi wote tunapiga chafya, Bwana Ishwarlal anapiga chafya mpaka miwani inaanguka, wenye madebe wanapiga chafya, na yule mtoto mchanga, mwenye pua ndogo kama kifungo, hakupiga hata moja. Niliwahi kumpepea vumbi kwa khanga usoni makusudi. Akanitazama.

"Acha," Jelagat akaniambia. "Anangoja."

"Anangoja nani?"

"Ningejua ningekuwa nimeshamwita."

Aliniambia mwenyewe, tumekaa juu ya magunia tukinywa chai, kwamba wazee wamempa habari ilivyo. Mtoto asiye na mtu wake hawezi kukaa duniani, anachungulia halafu anarudi. Alisema bila kulia. Mimi nililia badala yake, maana nilikuwa nimemzoea yule mtoto, na nina hasira na Mungu akianza michezo ya namna hiyo.

Siku bomba lilipokohoa ilikuwa mchana mkavu, mvua zimechelewa, ng'ombe wa watu wamebaki mifupa, na sisi tulikuwa na kazi mpaka shingoni. Jelagat alikuwa amelisimamia bomba, mtoto mgongoni, akimbembeleza kwa maneno. Nilimsikia akisema, kwa Kiswahili kwa sababu alikuwa akinisemesha na mimi, "Ukikosa kabisa jina nitakuibia la babangu. Nitakuita Kemboi."

Bomba likakohoa.

Msicheke. Nimesema likakohoa. Sauti nzito, kavu, moja, kama ya mzee aliyekaa kwenye kona ya nyumba anayetaka mjue yupo. Tone kubwa la hewa likapanda katikati ya zile punje, na punje zote zikatikisika, zikashuka, zikatulia. Mtoto mgongoni akageuza kichwa kulitazama.

Tuliangaliana. Nikasema ni hewa. Jelagat akalisogelea bomba akaanza kulitajia majina, taratibu, ya babu zake, ya mamake, ya wajomba. Kimya, matone tu chini, to, to, to. Kisha akasema, "Kemboi." Likakohoa.

Nilitoka nje. Sina aibu kusema hivyo, nilitoka nje nikasimama juani. Niliporudi nilikuta amemwita Bwana Ishwarlal na yule bwana anaeleza kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, kwamba supu inapopoa na kukutana na joto hutoa hewa, hewa hukusanyika, hupanda inapopanda, haina masikio. Ili kututuliza akaweka mdomo karibu na kioo akasema kwa sauti, "Kemboi!" Halikutoa kitu. Akasema tena. Akatabasamu, akafuta miwani, akarudi kwenye masufuria yake.

"Umeona?" nikamwambia Jelagat.

"Mtu mgeni anabisha hodi, nani atafungua?" akasema. "Aliye humo hamjui huyu bwana." Kisha akalala kifua juu ya bomba, akalikumbatia, na machozi yakamtoka. "Kwa hiyo amekufa, Nanyama. Alikufa ndani ya lile hema. Yuko humu, amefungwa, anafanya kazi ya watu, hawezi kutoka. Ndiyo maana hakuja kwa mtoto."

Ungemwambia nini? Mimi ni Mbukusu, kwetu pia wafu wana njia zao, na nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu.

Lakini Jepkorir alikataa. Alikataa kabisa. Tulimfuata kwake Kaptembwa, akatusikiliza akichambua mboga, halafu akasema maneno ambayo nayakumbuka kama ya jana. "Mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa haitwi. Mfu ukimwita anakuja. Mtu hai ukimwita, unamvuta kwa wafu. Mnataka nimvute mtu?"

"Mama, miaka yote hii," Jelagat akasema. "Angekuwa hai angerudi."

"Wewe unawajua wanaume kuliko mimi?"

Tukarudi. Mgeni akazidi kudhoofika. Ikafika mahali hakunyonya tena, anashika tu titi mdomoni kama kitu alichosahau kazi yake. Jelagat naye aliacha kula. Asubuhi moja tulifungua ghala, tukamwona Jepkorir anakuja barabarani na fimbo yake, peke yake, shuka imejaa vumbi. Hakutusalimu. Akaingia, akapiga chafya za pareto mpaka akaketi chini, akainuka, akalifikia lile bomba, akaliwekea kiganja. Nilimwona akishtuka kwa lile joto. Alilitazama kwa muda mrefu, mapovu yakipanda, punje zile nyeupe zimesongamana.

Akaliambia kitu kwa Kikalenjin, kwa adabu, kama mtu anavyozungumza na mkwe. Mwisho akataja jina.

Likakohoa, na safari hii mara mbili.

Bibi akajifunika mdomo kwa shuka. "Basi," akasema. "Basi, amekufa. Mleteni mtoto nyumbani."

Siku hiyo hiyo jua lilipoanza kuinama tulikuwa Kaptembwa, wanawake wa ukoo ndani, mimi mlangoni maana si wa ukoo. Joto lilikuwa la kubana, mawingu yamekaa juu ya Menengai kama yalivyokuwa yamekaa wiki zote zile bila kufanya kitu. Jepkorir alimshika mtoto mapajani. Hakutia ugoro. Aliita mara moja tu, si kwa sauti kubwa, jinsi unavyomwita mtu aliye chumba cha pili.

Mtoto akakunja uso. Akavuta pumzi, kifua chote cha vijiti kikapanda. Akapiga chafya.

Wanawake wakapiga vigelegele, na matone ya kwanza ya mvua yakagonga mabati wakati ule ule, makubwa, yamechelewa, mtu hasikii mwenziwe. Jelagat alimpa titi, na mtoto alinyonya kama aliyefunga mwezi mzima. Nilicheka, nikalia, nikacheza mvuani kama kichaa. Sijawahi kufurahi vile tena, na nawaambia wazi kwamba hata leo nikiikumbuka ile saa naifurahia kwanza, ndipo nakumbuka mengine.

Kemboi mdogo akaota nyama. Mashavu, mapaja, sauti. Ghalani alipiga chafya kuliko sisi wote. Jambo moja tu, bomba liliacha kukohoa. Jelagat alilitajia jina, kimya. Alifurahi, akasema ametoka, amefunguliwa. Lakini lilikuwa na joto lile lile, na supu iliingia chungu ikatoka tamu vile vile, na mimi nikawa najiuliza kama aliyekuwa akifanya kazi ametoka, sasa nani anafanya. Sikuuliza kwa sauti.

Mahindi yaliyopandwa kwa mvua ile yalikuwa yamefika magotini mwanamke mmoja alipotokea langoni. Alikuwa mtu mzima, amefunga kitambaa cheusi kichwani, na kikapu cha viazi mkononi kama zawadi. Akasema anaitwa Nduta, anatoka Longonot, ameenda Rongai akaelekezwa hapa, anamtafuta msichana wa Kemboi aliyekwenda Bama.

Jelagat alikuwa na mtoto mgongoni. "Ni mimi, mama."

Nduta akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, mwanangu. Nimekuja kukuambia babako tumemzika."

Nilidhani nimesikia vibaya. Jelagat akasema kwa upole, kama anayemsaidia mtu aliyepotea njia, "Babangu alikufa vitani."

"Babako alirudi vitani," Nduta akasema. "Alikuwa kwenye garimoshi akielekea kwenu. Likasimama Longonot, akashuka, hakupanda tena. Alifanya kazi ya reli. Mimi nimekuwa mke wake tangu wakati huo, nina watoto wake. Lugha yenu hakuwahi kuisema nyumbani, hata neno. Nilimuuliza kwa nini haendi kwao, akaniambia ana aibu moja ya kule vitani, si ya kuwaonyesha watoto. Akasema, nikifa nenda Rongai, umwambie msichana wangu niliona haya."

Longonot! Mtu akipanda garimoshi asubuhi anakula chakula cha mchana huko. Miaka yote ile mama wa watu anajaza kibuyu, na yeye yuko Longonot anapiga nyundo. Nilishikwa na hasira mpaka nikataka kumtukana mfu. Lakini Jelagat hakuwa na hasira. Alikuwa amesimama wima sana.

"Alikufa lini?" akauliza.

"Siku mvua ilipoanza."

Nduta akadhani tunangoja aendelee, naye akaendelea, maskini, hakujua anasema nini. "Hakuwa mgonjwa. Jua lilikuwa limeanza kuinama, ameketi mlangoni ananoa jembe. Akainua kichwa kama mtu aliyeitwa. Akapiga chafya moja. Halafu akasema neno, lugha siijui, ndiyo mara ya kwanza kumsikia, akaweka jembe chini vizuri, akajiegemeza. Nikamwambia mvua inaanza, ingia ndani. Alikuwa ameshaondoka."

"Alisema neno gani?"

Nduta alikuwa amelishika. Alilisema polepole, akilikosea kidogo, kama mtu abebaye yai la watu. Jelagat akafumba macho.

Sikulielewa wakati ule. Nililiuliza baadaye, akaniambia. Alisema, "Nimesikia, nakuja."

Alimpikia Nduta chai. Mniamini, alimpikia chai, akamwekea maziwa mengi, akamwonyesha mtoto, akamshukuru kwa viazi, akamsindikiza mpaka barabarani na kumwambia watoto wake ni ndugu zake. Aliporudi alimfungua mtoto mgongoni akanipa mimi. Akaenda kwenye pipa la magadi lililokuwa likitokota, akachota debe, akapanda ngazi ya bomba.

"Mama Chebet," nikasema. "Mama Chebet, shuka."

"Nilifikiri linaniambia amekufa," akasema kutoka kule juu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kumbe lilikuwa linamtaka. Lilitumia mdomo wangu kumwita. Hiki kitu hakishibi, Nanyama, tuliambiwa siku ya kwanza."

Akamwaga. Magadi yale yanayotokota yakaingia kwenye punje, na bomba likaanza kukohoa. Halikukohoa mara moja kama zamani. Lilikohoa mfululizo, kwa nguvu, kwa kukwama, jinsi mzee anavyokohoa usiku wa mwisho watu wakiwa wamemshika mabega. Mtoto mikononi mwangu alikakamaa. Kisha mapovu yakapungua, yakaisha. Punje zilibaki nyeupe vile vile, hakuna aliyeangalia angejua kimetokea nini.

Bwana Ishwarlal alikuja mbio. Alifungua supu juu, akakinga kidole chini, akaonja. Akaonja tena. Ilikuwa chungu, ladha ya nyasi. Akaketi juu ya gunia la mabua akavua miwani.

"Miaka yangu, mama," akasema. "Kwa nini?"

"Na babangu je, Bwana?" Jelagat akasema, akashuka ngazi.

Hakumfukuza. Hakuwa na nguvu hata ya kumfukuza. Alijaribu kufunga wafanyakazi wengine kwenye punje nyingine, wakakataa kukaa, na baada ya mavuno yaliyofuata alifunga ghala akaenda kwa kakake Uingereza. Mimi nilirudi kuuza mboga. Nilimwambia Jelagat mara nyingi, kwa hasira na kwa upole, kwamba mzee yule alikuwa mzee, wazee hufa, mvua hunyesha, hewa hupanda kwenye bomba kama yule bwana alivyosema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Alijibu, Nanyama."

Yeye na Jepkorir hawakulizungumza kamwe. Bibi aliacha kuita watoto, akisema koo lake limezeeka.

Kemboi sasa yuko shule, mwenye nguvu, mtundu, anapenda mpira. Vumbi la Nakuru mnalijua, anapiga chafya kama kawaida ya watoto. Na kila anapopiga, popote mamake alipo, awe anafua, awe kwenye moto, husema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, baba." Hajawahi kukosa hata mara moja.

Juzi nilikuwa kwao, mtoto akaingia amekasirika, ametupa mkoba chini. Mwenzake darasani alipiga chafya, na yeye akamwambia, "Nisamehe, baba," na darasa zima likamcheka, mwalimu pia. Alidhani ndivyo watu wote wanavyosema.

"Si ndivyo mtu anavyosema, mama?" akauliza.

Jelagat alimfuta vumbi usoni kwa pindo la leso, taratibu, pua, mashavu, paji.

"Wacha wacheke," akamwambia. "Wewe endelea kusema."